Karia Tupu: Kwa Nini Raha Ndogo Zina Mambo Mengi

Kila tarehe 3 Juni Uganda huelekea Namugongo. Mahujaji hutoka pande zote za nchi, wengine huvuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi ili wawahi Siku ya Mashahidi. Tarehe hiyohiyo, tangu mwaka 2018, ni Siku ya Baiskeli Duniani kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Bado sijakutana na mtu wa hapa anayeiadhimisha, na sishangai. Kwa wengi wetu kuiadhimisha baiskeli ni sawa na kuliadhimisha jembe.

Baiskeli kwetu ni ya kazi. Inabeba mikungu ya matoke hadi anayeisukuma haonekani. Inabeba madumu ya maji, magunia ya makaa, makreti ya soda, mgonjwa anayewahishwa zahanati. Bodaboda zenyewe, kabla hazijawa pikipiki, zilikuwa baiskeli: zilianza miaka ya 1960 huko Busia, zikivusha watu na mizigo yao kati ya upande wa Kenya na upande wa Uganda. Kitabu nacho kimefungwa nira hiyohiyo. Kitabu ni cha mtihani. Kuna PLE mwisho wa shule ya msingi, kuna UCE mwisho wa kidato cha nne, kuna UACE mwisho wa cha sita, na ukishavuka yote kitabu humwachia mdogo wako, au huishia kwa muuza karanga akafungia bidhaa yake.

Ndiyo maana anayeendesha baiskeli Jumamosi bila mzigo, au anayesoma riwaya na mvi zimeshaanza, haachi kuulizwa. Yule wa kwanza huulizwa anakwenda wapi. Wa pili huulizwa anasomea nini. Wakijibu kwamba hawaendi popote wala hawasomei chochote, muulizaji huwatazama kwa huruma kidogo, kama hakuwa na hakika nao tangu mwanzo.

Siku hizi raha za aina hii zinasifiwa sana, ila zinasifiwa kijuujuu. Tunaambiwa tu "furahia vitu vidogo", na mazungumzo yanaishia hapo. Vitu hivyo vinafanyaje kazi? Kwa nini vinamfaa huyu na kwa yule havisaidii chochote? Na je, ni haki kumpa ushauri huo mtu anayepanda mlima na baiskeli hiyohiyo, gunia la makaa likiwa nyuma yake? Maswali hayo matatu yamefungamana, na kila anayejibu moja peke yake huishia kusema upuuzi.

Raha huzoeleka

Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili, wote wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti ambao bado unatajwa. Waliwahoji watu 22 walioshinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine 22 wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda kitu. Waliwauliza wana furaha kiasi gani, kisha wakawauliza wanafurahia kiasi gani mambo ya kila siku: kuongea na rafiki, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, kusifiwa, kusoma jarida.

Watu hukumbuka nusu ya kwanza ya matokeo, kwamba washindi hawakuwa na furaha kubwa kuwazidi wenzao. Nusu hiyo siku hizi ina maswali. Utafiti mkubwa zaidi wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopata fedha nyingi katika bahati nasibu waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo anayekwambia fedha si kitu, mwombe akugawie zake. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu: washindi wa Illinois walisema mambo yale madogo ya kila siku yanawapa raha pungufu kuliko walivyosema wenzao ambao hawakushinda. Chai ya asubuhi ilikuwa imepoa, ingawa ilikuwa chai ileile.

Mambo mawili hufanya hivyo. La kwanza ni ulinganisho. Ukishapanda juu sana, kila kitu cha kawaida unakitazama kutoka huko juu. La pili ni mazoea. Akili imeumbwa kutambua mabadiliko, na kinachokaa palepale inaacha kukiona. Simu mpya inang'aa kwa wiki chache, kisha inakuwa simu. Nyumba ya matofali inageuka kuwa nyumba tu. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa na Jordi Quoidbach walifika mbali zaidi: waliwapa watu kipande cha chokoleti baada ya kuona karatasi za maswali, baadhi zikiwa na picha ya fedha. Walioiona picha ya fedha walikula chokoleti yao haraka zaidi, na hawakuonyesha kuifurahia kama wenzao. Fedha yenyewe hawakuipata, waliona picha tu.

Basi, kama raha zote huzoeleka, kwa nini zangu mbili, baiskeli na kitabu, zisizoeleke? Nimekuwa nikipita barabara zilezile za Teso, mashariki mwa Uganda, kwa miaka, na bado Ijumaa usiku nakagua upepo wa tairi kama mtoto. Kabla ya kujibu, kuna fundo jingine la kufungua kwanza.

Kutaka si kufurahia

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alitumia miaka mingi kuchunguza ubongo wa panya, na alichokipata kiliwashangaza wenzake. Kabla yake iliaminika kwamba dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo raha yenyewe. Berridge alifanya kazi na panya waliopungukiwa dopamini karibu kabisa. Panya hao hawakukifuata chakula, wangeweza kufa njaa na chakula kikiwa karibu. Lakini walipotiwa tone la sukari mdomoni walilamba midomo kwa raha kama panya mwingine yeyote. Kufurahia kulikuwepo. Kutaka ndiko kulikotoweka.

Maana yake ni kwamba ubongo una mitambo miwili. Mmoja hutusukuma kutafuta, mwingine hutupa ladha tukishapata, na si lazima ikubaliane. Tunaweza kukitaka sana kitu ambacho hakitupi raha. Kila mwenye simu analijua hili mwilini kabla hajalisoma popote: unaifungua, unapitisha kidole, hakuna la maana, unaifunga, na baada ya dakika mbili umeifungua tena. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaonyesha na njiwa wake kwamba tuzo ambayo haijulikani itakuja lini ndiyo inayomfanya ndege adonoe bila kuchoka. Mwaka 2018 serikali yetu ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wengi walikimbilia VPN, programu za kuikwepa. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando, na vidole havikupumzika.

Baiskeli na kitabu viko upande wa pili wa mzani huo. Vinatakwa kidogo na kufurahiwa sana. Hakuna kinachokuvuta kitandani alfajiri ukaendeshe. Kitanda kinakuvuta kuliko barabara. Kitabu kipya hakilii mfukoni. Raha yake inakuja baada ya kuanza, mara nyingi baada ya robo saa ya kujuta kwamba umeanza. Hii ndiyo sababu watu wengi huapa kwamba wanapenda kusoma ilhali hawasomi, na hawadanganyi. Wanapenda kweli, ila ule mtambo wa kuwasukuma hauamshwi na kitu kilichonyamaza.

Mwendo wa baiskeli

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana baiskeli naijua.

Mtu anayetembea huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa nguvu ileile, akiwa juu ya baiskeli kwenye barabara tambarare, ataenda kilomita 15 au zaidi. Mnyororo msafi uliotiwa mafuta hupitisha zaidi ya asilimia 95 ya nguvu ya miguu hadi gurudumu la nyuma, na mashine chache zilizotengenezwa na binadamu zinaweza kujisifu hivyo. Umbo lake halijabadilika sana tangu John Kemp Starley alipotoa baiskeli yake Uingereza mwaka 1885, magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuzungusha la nyuma. Miaka mitatu baadaye, huko Belfast, John Boyd Dunlop aliweka tairi ya upepo kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Zile baiskeli nyeusi nzito zenye karia kubwa ya mizigo nyuma, zilizojaa Soroti na Lira, ni wajukuu wa mwaka 1885.

Lakini kuna mpaka. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Kwa hiyo ukipita kilomita 25 kwa saa hivi, sehemu kubwa ya jasho lako inakwenda kupasua hewa. Asiyeshindana na mtu hujikuta anarudi mwenyewe kwenye mwendo wa kilomita 12 hadi 18, na mwendo huo, kwa bahati njema, ni mwendo wa kuamkiana. Unamwona mama anaanua ulezi kabla hujamfikia. Unasikia anachosema. Unamsalimu kwa Kiateso, "Yoga", anakujibu, anakuuliza habari ya nyumbani, na jibu lako linamfikia kabla hujatoweka. Ndani ya gari ungemwona kama picha. Kwa miguu ungesimama, na ukisimama kwa kila salamu hufiki.

Ndiyo maana njia haizoeleki. Toka mji wa Kumi, shika barabara ya Ngora hadi miamba ya Nyero. Si mbali, ni kilomita chache tu, na wageni huja kuona michoro ya kale pale, mviringo ndani ya mviringo kwa rangi nyekundu, iliyochorwa chini ya mawe makubwa na watu ambao hakuna anayewajua kwa majina. Mimi michoro nimeshaiona. Ninachokifuata ni barabara yenyewe. Mwezi mmoja karanga zimechanua, mwezi mwingine zimeng'olewa na kuanikwa ukingoni. Michungwa ikibeba, magunia yanajipanga yakisubiri lori. Mahali palipokuwa na mchanga mzito mvua imepafanya pagumu, na palipokuwa pagumu sasa pana dimbwi. Ubongo ule unaotafuta mabadiliko unayapata kila mita mia, madogo, bila kelele.

Halafu kuna mchanga wenyewe. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, tangu miaka ya 1970, alieleza hali ya kuzama ndani ya shughuli hadi ukasahau saa, na sharti lake kubwa ni kwamba ugumu wa kazi ulingane na uwezo wa mtendaji. Ikiwa rahisi mno unachoka, ikiwa ngumu mno unahangaika. Njia ya mchanga inatimiza sharti hilo bila kuombwa: ukiangalia mbali unaanguka, ukikaza sana usukani unaanguka, ukilegeza unaanguka vilevile. Huna nafasi ya kufikiria deni.

Si Uganda yote iliyo hivi. Teso na Lango ni tambarare, zimeumbiwa baiskeli. Kigezi ni habari nyingine. Anayekwambia kwamba kuendesha kuzunguka Ziwa Bunyonyi ni raha nyepesi hajawahi kuipandisha baiskeli mlima mmoja wa Kabale, ambako nusu ya safari unaisukuma na nusu nyingine unaomba breki zishike. Ila kule kwenye maziwa ya volkano karibu na Fort Portal, ukiwa na gia na mapafu, utaelewa waendeshaji wanafuata nini. Hata Ziwa Mburo, hifadhi ya taifa, mtu anaweza kuendesha baiskeli akiwa na mlinzi na kupita karibu na pundamilia. Sitaki kuvunja moyo wa mtu yeyote. Nasema tu kwamba Kumi inatosha.

Mwili nao una mchango wake. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyekufa mwaka 270 kabla ya Kristo, huchorwa kama mlafi, na amesingiziwa. Katika barua yake kwa Menoeceus aliandika kwamba mkate na maji hutoa raha ya juu kabisa vikifika mdomoni mwa mwenye njaa. Barua nyingine inamwonyesha akimwomba rafiki kijungu cha jibini, ili siku akitaka karamu aweze kuifanya. Mtu aliyeendesha saa mbili juani, akaketi chini ya mwembe na kikombe cha maji ya kisima na kiazi kitamu cha kuchemsha, hahitaji kufundishwa Epicurus. Raha haikuongezwa kwenye kiazi. Iliongezwa kwa mlaji.

Karia tupu

Sasa swali la haki, ambalo wanaosifu raha ndogo hulikwepa.

Njia ya Nyero ina fundi baiskeli anayekaa chini ya mti na beseni la maji, solusheni na vipande vya tyubu za zamani. Aliwahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na hakina adabu nyingi. Siku moja alikuwa anaizamisha tyubu yangu kwenye beseni akitafuta mapovu yanatokea wapi, akatazama nyuma ya baiskeli.

"Mwalimu, karia tupu?"

Nikamwambia ndiyo, natembea tu.

"Basi Mungu amekubariki," akasema, na akaendelea kusugua tyubu kwa msasa.

Hakuwa ananikejeli. Barabara ileile, siku ileile, mama mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. Jua lilikuwa lake na langu, na salamu tulipeana. Vyote vile vilivyonifurahisha mimi vilikuwa mbele yake, na sidhani vilimfaa kitu. Kilichotutenganisha ni kwamba mimi niliweza kurudi nyumbani wakati wowote. Yeye asingeweza kurudi bila maji.

Hapo ndipo pana kiini cha jambo hili. Uzuri wa mandhari na kasi ya baiskeli havitoshi. Lazima shughuli iwe ya hiari, na anayeifanya aifanye kwa ajili yake yenyewe. Ndiyo maana siwaamini wanaosema maskini wa kijijini ndiye mwenye furaha ya kweli kwa sababu anaishi na vitu vidogo. Vidogo alivyo navyo amelazimika kuwa navyo. Anayempongeza kwa hilo hujiondolea mzigo wa kumchimbia kisima karibu. Na wanawake ndio wanaolipia zaidi, kwa sababu saa zao za ziada ndizo zinazomezwa na maji, kuni na watoto. Hata akipata saa moja, bado kuna sehemu za nchi hii ambako mwanamke akionekana juu ya baiskeli maneno hayaishi.

Lakini nisigeuze hoja ikawa kwamba raha ndogo ni za wenye mishahara. Vijana wanaokodi baiskeli sokoni Jumapili jioni wazunguke nayo uwanjani hawana mishahara. Wana saa moja ambayo hakuna aliyewatuma. Yule fundi mwenyewe, nilivyokuja kugundua, huwa na gazeti kuukuu lililokunjwa chini ya kiti chake, na wateja wakikatika husoma hata matangazo ya vifo. Bei ya kuingia kwenye raha hizi ni ndogo kweli, ila hulipwa kwa muda na kwa uhuru zaidi kuliko kwa shilingi.

Kitabu kilichofungwa nira

Kitabu kimepatwa na jambo baya zaidi, kwa sababu baiskeli angalau hakuna anayekupa maksi.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wa shule ya awali huko Stanford, Marekani, waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe kama wangechora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho baadaye bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, bila cheti chochote. Watoto waliokuwa wameahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kitu walichokipenda kilikuwa kimegeuzwa kazi ya kulipwa, na malipo yaliposimama kazi ikasimama.

Fikiria basi mtoto wa Uganda, ambaye kuanzia darasa la kwanza kila ukurasa anaousoma una swali mwishoni. Anasoma hadithi ya sungura ili aandike nani alimdanganya nani. Anasoma shairi ili ataje tamathali tatu za usemi. Miaka kumi na tatu ya namna hiyo, kisha tunalalamika kwenye redio kwamba Waganda hawana utamaduni wa kusoma. Wanao. Tumewazoesha kusoma kwa cheti, na cheti kikipatikana wanaacha, sawasawa na watoto wa Stanford.

Haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 1961 Rajat Neogi alianzisha jarida la Transition hapa Kampala, na watu walilisoma na kugombania hoja zake bila mtihani wowote. Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru, waandishi wa Afrika walikutana Makerere: Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, na mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa wakati huo, hakuwa na nafasi ndani yake. Alifariki Tanganyika mwezi huohuo.

Kitabu kinapoachwa huru hufanya kazi ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwatumia watu 2,250 maswali kwa simu katikati ya shughuli zao: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Kwa asilimia 46.9 ya muda, akili zilikuwa mbali na kile mikono ilichokuwa inafanya, na zilipokuwa mbali watu walikuwa na furaha pungufu. Kusoma vizuri ni kuishika akili isitangetange, si kwa kuifunga kamba bali kwa kuipa mahali pa kwenda. Inachukua muda. Kurasa za mwanzo za riwaya nzuri ni mchanga mtupu, majina yanachanganyika, hujui nani mkwe wa nani. Wanaoacha huachia hapo, wakidhani kitabu kibaya au wao si wasomaji. Ukivumilia, njia inakuwa ngumu chini ya tairi na unasahau kwamba unasoma.

Nalo jua letu linasaidia. Tuko kwenye ikweta, mwaka mzima giza linaingia karibu na saa moja jioni, kwa hiyo hakuna msimu wa jioni ndefu wa kusubiri. Taa ndogo ya sola na mlango uliofungwa dhidi ya mbu, basi. Anayesoma kwa sauti huwapa na wengine. Nimeona nyumba ambamo mjukuu husoma na bibi asiyejua herufi hufuatilia kisa kwa makini kuliko msomaji, na akikosewa jina la mtu hukemea.

Jambo moja zaidi linasaidia, na watu hulidharau: kukatiza. Leif Nelson na Tom Meyvis walionyesha mwaka 2008 kwamba jambo la kupendeza, hata kukandwa misuli, hufurahisha zaidi likikatizwa katikati kisha likaendelea, ingawa tukiulizwa mapema tunadhani kukatizwa kutaliharibu. Quoidbach na Elizabeth Dunn walipata jambo linalofanana mwaka 2013: walioacha chokoleti kwa wiki nzima waliifurahia zaidi walipoirudia kuliko waliopewa nyingi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kabla halijaisha humaliza utamu. Mimi kitabu nakifunga katikati ya sura, mahali pazuri, kwa makusudi. Kesho yake kutaka, ule mtambo mvivu, unaamka wenyewe.

Linalonishughulisha sasa ni Kiswahili. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilielekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na kitahiniwe. Kama mzungumzaji wa lugha hii nilifurahi. Kama msomaji nilishtuka. Kwa miaka mingi Kiswahili cha Uganda kilikuwa cha kambi, soko, mpaka na ghala la mizigo. Kilipata sifa mbaya huko kambini, lakini watoto wengi hawakulazimishwa kukifanyia mtihani wakakichukia kwa sababu hiyo. Aliyesoma hadithi ya Kiswahili hapa, mara nyingi aliisoma kwa sababu aliitaka. Sasa hadithi hiyo itakuja na maswali ishirini mwishoni.

Mtihani siupingi, maana bila mtihani shule zetu hazifundishi kitu. Ninachowaomba walimu wenzangu ni kipindi kimoja kwa wiki ambacho mtoto anachukua kitabu cha hadithi kisicho kwenye mtaala, anasoma, anakirudisha, na hakuna anayemuuliza chochote. Akikiacha katikati, achague kingine. Mwalimu naye asome chake palepale mbele yao, asisahihishe madaftari. Vitabu vyenyewe vipo, vinachapishwa Nairobi na Dar es Salaam, na mabasi ya usiku kutoka Nairobi hupita Busia na Malaba kila siku. Kinachotakiwa ni shule mbili tatu kuchangia nauli ya kifurushi.